Kutoka Moshi kwenda Unguja kutazama fashifashi za Mapinduzi ukiwa baharini: uzoefu wangu

Kama unachotaka kujua ni inafaa au haifai tu, jibu ni inafaa, ila kabla hujatuma hela uliza swali moja: jahazi litatia nanga wapi? Chakula, muziki, taa za rangi zilizozungushiwa mlingoti, hivyo vyote ni nyongeza. Wanaouza safari hizi wanatangaza nyongeza kwa picha nzuri, halafu lile lililokutoa nyumbani hawaligusii.

Sisi ni akina mama wa kikoba hapa Moshi, wengi wetu tuna vibanda kwenye masoko ya Mbuyuni na Memorial. Tukivunja kikoba mwisho wa mwaka huwa tunapika pilau, tunagawana, kila mtu anashika njia yake. Safari hii mweka hazina akasema fungu la faini za kuchelewa vikaoni tusiligawane, twende nalo mahali. Mtu mmoja akataja mkesha wa Mwaka Mpya, akakatwa kauli palepale. Mama wa Kilimanjaro utamwambiaje awe nje ya kwake mwisho wa Desemba, wakati watoto wamepanda kutoka Dar na Mwanza, wakwe wamejaa sebuleni na mbuzi amefungwa nyuma ya nyumba? Ikapatikana Januari 12. Ni sikukuu ya nchi nzima, kumbukumbu ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, na usiku wa kuamkia siku hiyo, saa sita kamili, fataki hurushwa Unguja kwenye viwanja vya Maisara. Wenyeji wanaziita fashifashi. Tena Januari ada za shule zimeshawakamua wateja, hata ukifunga kibanda siku chache hukosi kitu.

Usafiri sitauzungumzia sana. Basi la asubuhi kutoka Moshi linapita Same, Mombo, Korogwe, Segera na Chalinze, na jioni unaingia Dar ukiwa na miguu iliyovimba. Wiki ya pili ya Januari waliopanda kula Krismasi wameshateremka, kwa hiyo viti vipo. Tulilala Dar, asubuhi tukapanda boti ya Azam, ile inayobeba jina la mlima wetu, jambo lililowapa wenzangu moyo kuliko inavyostahili. Beba kitambulisho. Safari ni kama saa mbili. Januari ni msimu wa upepo wa kaskazi na mkondoni boti inacheza. Wahudumu wanapita na vifuko vyeusi kabla hata hujajisikia vibaya. Mama Glory, ambaye hakuwahi kuona maji mengi kuliko bwawa la Nyumba ya Mungu, alichukua viwili na akavitumia vyote.

Sasa wakala. Simtaji jina, yuko huku huku kwetu na ana ofisi yenye bango kubwa. Tangazo lake lilisema jahazi letu peke yetu, chakula cha baharini, vinywaji, muziki wa taarab, na kurudishwa ufukweni baada ya fashifashi. Shilingi 70,000 kwa kichwa, nusu unatanguliza. Tulipofika ufukweni pale jirani na Forodhani tukakuta kundi la vijana kutoka Dar, wamebeba keki na spika kubwa, nao wanasubiri jahazi hilo hilo. Kupiga simu kwa wakala Moshi, tukaambiwa mwenye kazi ni mtu wa Dar. Wa Dar akasema yeye amempa kijana wa Darajani. Kijana wa Darajani simu haipokelewi. Nahodha masikini hata hakujua kama kuna mtu aliyeahidiwa chombo kizima. Baadaye, tukiwa tumeshazoeana, vijana wakatuambia walilipa 45,000 kila mmoja, mkononi mwa nahodha mwenyewe. Hiyo tofauti ya 25,000 ndiyo bei ya simu tatu ambazo hazikutusaidia chochote.

Kupanda kulikuwa saa tatu usiku na maji yalikuwa yametoka. Hili hakuna aliyetuambia. Maji yakitoka, jahazi halisogei pwani. Linakaa kule mbali na wewe unafuatwa na kihori, yaani mtumbwi mdogo, tena kihori chenyewe unakifikia kwa kutembea ndani ya maji hadi magotini. Sisi tulikuwa na sare, magauni marefu ya kitenge yaliyoshonwa kwa ajili ya siku hiyo. Baharia mmoja, kijana mwembamba mwenye adabu, alikuwa anasema "Samahani mama, nipe mkono, kanyaga hapa penye mchanga," mmoja baada ya mwingine, bila kuchoka wala kucheka, hata pale mwenyekiti wetu alipokaa kitako majini na pochi yake. Vaa kitu kifupi chini, kitenge ukifunge juu. Viatu weka kwenye mfuko.

Jahazi lenyewe lilikuwa zuri, na nasema hivi kama mtu anayeshika kitambaa kabla ya kuuliza bei. Mbao nene, zimezibwa kalafati vizuri, sakafuni hapakuwa na maji. Lina harufu ile ya mafuta ya papa iliyokwisha kuingia kwenye mti, ambayo dakika kumi za mwanzo inakusumbua, halafu unaisahau. Tanga lilikuwa limekunjwa juu ya foromali, tulikwenda kwa injini. Magodoro yametandikwa mikeka, unaegemea ubavuni. Kwenye omo, yaani mbele ya jahazi, waliweka seredani, jiko la mkaa, ndani ya sanduku la mchanga, na hapo ndipo pweza alipochomwa. Pweza huyo, niseme tu ukweli, alikuwa bora kuliko kitu chochote nilichokula safari nzima: amepigwa akalainika, akapakwa ndimu, chumvi na pilipili, akaiva nje bila kukauka ndani. Wali wa nazi ulikuja umepoa. Vinywaji vilikuwa soda, maji na chai ya tangawizi, na kama mtu alitegemea kingine, ajue amekwenda Unguja.

Choo hakuna. Ndani ya tangazo kulikuwa na mistari juu ya machweo na marashi, choo hakikutajwa. Kuanzia saa tatu mpaka saa saba na kitu usiku, kundi la akina mama waliozaa, wengine wana sukari. Tulipouliza, nahodha alimtuma baharia awapeleke wawili wawili ufukweni kwa kihori kabla hatujang'oa nanga, na baada ya hapo kila mtu alikunywa chai kwa hesabu. Mwenye mama mzee alifikirie hilo kabla ya kitu kingine.

Majaketi okozi yalikuwepo, lakini yamefungwa fungu moja kwa kamba nyuma kwenye tezi, jirani na galoni la mafuta. Baada ya kuzama kwa meli za Spice Islander mwaka 2011 na Skagit mwaka 2012, mtu wa bara akipanda chombo Unguja jicho lake linatafuta jaketi kabla ya kiti. Mwalimu wetu mstaafu aliyasimamia hayo: hakukaa mpaka fungu likafunguliwa na kila mmoja akapewa lake. Vijana walicheka, kisha wakayavaa. Ningependa ionekane kuwa ni kazi ya wenye chombo, abiria asiombe.

Hadi hapo ningewapa alama za wastani. Kilichobadilisha hesabu ni nahodha, mzee wa makamo anayezungumza kidogo. Karibu na saa tano na nusu majahazi na boti nyingine zilianza kujipanga mbele kabisa ya Maisara, karibu kadiri zilivyoweza. Vijana wakapiga kelele na sisi tusogee kule. Yeye alizunguka ncha ya Shangani, akapunguza injini, akatia nanga upande wa juu, kaskazini ya zile nyingine. Mweka hazina akamwambia, "Baba, mbona tunakaa pembeni na tumelipa?" Akajibu bila kugeuka: "Moshi wa fashifashi wenda na upepo. Nyie mmetoka Moshi, mwataka moshi mwengine wa nini?"

Ukilifikiria, ni jambo la wazi. Kaskazi hutoka kaskazini mashariki, na Mji Mkongwe uko magharibi ya kisiwa. Mwezi wa kwanza upepo unavuka nchi kavu ndipo unafika hapo, ndiyo maana maji ya upande huo yalikuwa yametulia wakati mkondoni asubuhi yalitutoa roho. Lakini upepo huo huo unabeba moshi wa baruti kuutoa viwanjani na kuuleta baharini, kusini magharibi, juu ya vichwa vya waliokaa usoni. Tena kwa kuwa nanga ilitupwa kwa omo, jahazi liligeuka lenyewe likatazama upepo, maana yake likatazama mji. Sote tuliokaa tukaona mbele bila kupinda shingo. Seredani ilikuwa imeshazimwa na kuondolewa, kwa hiyo kule omo pakawa ndipo mahali pa kugombea.

Saa sita ilipopiga tuliona mwanga kwanza, kimya, kisha mlio ukafuata. Mwalimu, ambaye alifundisha sayansi miaka yote kabla ya kuuza vitenge, akaanza kuhesabu kwa sauti: moja, mbili, mlio. "Sauti hutumia kama sekunde tatu kwa kilomita," akasema, "basi tuko mita mia sita na kitu." Hakuna aliyemsikiliza ila mimi. Nyekundu ni madini ya strontiamu, akaendelea, kijani ni bariamu, ile ya bluu ni shaba nayo ndiyo ngumu kuipata vizuri. Tangu hapo nikawa natafuta bluu, na kweli zilikuwa chache, zinafifia haraka kuliko nyingine. Ukiwa nchi kavu huoni kitu ambacho bahari inakupa: kila moja inapasuka mara mbili, juu na ndani ya maji, na mlio unaupata kwa masikio, halafu unaupata tena kwa mbao ulizokalia.

Fashifashi moja kubwa ilipofunguka kushoto, vijana wote wakarukia upande mmoja kupiga picha na jahazi likalala. Si sana, ila lilitosha Mama Glory kutaja majina ya watakatifu wote anaowajua. Nahodha akapaza sauti kwa mara ya kwanza na ya mwisho usiku ule: "Kaeni kitako!" Wakakaa. Sauti ile ilikuwa na thamani kuliko majaketi.

Zile boti zilizokaa mbele? Baada ya dakika chache za mwanzo hatukuziona. Palikuwa na wingu la kijivu limelala juu ya maji, linawaka ndani kwa ndani, mara jekundu mara la manjano, na waliokuwemo walikuwa wakikohoa wakitazama mwanga usio na umbo. Walilipa sawa na sisi, labda zaidi.

Jambo jingine ambalo watangazaji hawalisemi ni urefu. Mwanzo hadi mwisho ni muda wa kumaliza kikombe cha chai ya moto bila haraka. Ukigawa 70,000 kwa dakika hizo utaumwa kichwa. Ndiyo maana zile saa za kusubiri nazo zina uzito, na hapo spika ya vijana ilituharibia. Taarab tuliyoahidiwa ilipigwa mara moja, kisha tukafunikwa na Bongo Fleva hadi nahodha alipoizima mwenyewe akisema anataka kusikia injini za wenzake gizani. Yale majadiliano ya muziki yasingekuwepo kama jahazi lingekuwa letu.

Kurudi kulichukua muda. Kila chombo kinataka kushusha wakati mmoja, vihori ni vichache, unasubiri zamu. Na baridi! Sisi wa Moshi tulidharau, Unguja kuna baridi gani. Saa saba usiku, upepo wa bahari juu ya gauni lililolowa magotini, tulikuwa tunagombania khanga ya mtu mmoja. Beba sweta, wala usione haya.

Wenzetu wawili waliogoma kupanda walikwenda Maisara kwa miguu, bure. Wanasema zilikuwa zinafunguka juu ya utosi wao, watu wengi mno, watoto mabegani, na kutoka pale ilikuwa kusukumana hadi Darajani. Kijana mwenye miguu mizima na asiye na hela nyingi aende huko, atafurahi. Jahazi ni la wale wanaotaka kukaa chini, kula na kutosukumwa, na wanaoweza kustahimili kukosa choo.

Nahodha na mabaharia wake ninawapa nyota nne; tano ningetoa kama majaketi yangekuwa yamegawiwa bila kuombwa. Namba yake ninayo na ndiye nitakayempigia moja kwa moja. Wakala nyota moja, ya kupokea simu siku aliyokuwa anataka kianzio. Nimemwandikia kuhusu jahazi la peke yetu lililogeuka la makundi mawili, amejibu kwamba analifanyia kazi.

Tiketi ya boti ya kurudi kateni mapema, siku ile ile mnayokata ya kwenda. Tarehe 12 mchana bandarini Malindi palikuwa pamejaa wageni wa sherehe. Wengi wetu tulipata nafasi, lakini mwenyekiti na mweka hazina walikosa ikabidi walale hadi kesho yake. Picha walizotutumia jioni hiyo kutoka Forodhani, kila mmoja na bakuli la urojo, hazikuonyesha watu waliokwama.