TAHADHARI: anayeuza "dawa ya sonona" Insta, anajiita wa Kariakoo

Wadau wa Dar, kuna jamaa anauza dawa ya sonona Insta, anasema duka liko Kariakoo ila ukitaka kwenda anakupiga chenga, mara fundi yupo, mara tuma hela kwanza boda anakuletea. Kopo elfu 85. Binamu yangu kafiwa, kazi nayo imeota mbawa, hali wala halali, hospitali walimwanzishia vidonge vya sonona vya fluoxetine ila akaona inachelewa, akaagiza.

Kopo limekuja na stika ya St. John's wort, mmea wa tiba ya sonona, "kutoka Ujerumani". Nikaikwangua kwa kucha, chini kuna stika nyingine: UNGA WA MLONGE. Mlonge jamani, kwa elfu 85! Namba ya usajili hamna, tarehe ya kuisha hamna.

Na sisemi mitishamba yote utapeli. Huo mmea wa St. John's wort upo kweli, una maua ya njano, Cochrane, wale wanaochambua tafiti za tiba, mwaka 2008 walijumlisha majaribio 29 wakaona unasaidia karibu sawa na vidonge vya hospitali, ila unachukua wiki kadhaa, sio "siku tatu unacheka" kama anavyotangaza huyu.

Sasa hata siku akileta ya ukweli ni balaa vilevile, maana inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, ya warfarin ya kuzuia damu kuganda, ya ARV ikiwemo dolutegravir ambayo watu kibao wanaitumia hapa kwetu, na ukichanganya na dawa kama hiyo fluoxetine serotonini, kemikali ya ubongo, inazidi mwilini, mtu anatetemeka, moyo mbio, joto linapanda, anaweza kufa kabisa. Yeye haulizi unameza nini. Binamu alivyomtajia mwenyewe akajibiwa kwa voisi, "achana na hivyo vidonge leo leo dada angu, vinakula ubongo." Yaani mtu hata sura yako haijui anakuachisha dawa ya daktari! Kudai hela, kablokiwa.

Akaunti anabadilisha majina ila picha ni ileile, mzungu wa koti jeupe kashika maua. Ukitaka tiba asili muulize mtu cheti cha Baraza la Tiba Asili, na daktari wako umwambie unachokunywa, ukihisi unataka kujidhuru nenda hospitali siku hiyohiyo usisubiri kopo.

Kopo tunalipeleka TMDA, mamlaka ya dawa. Mwenye meseji ya muamala au voisi zake anitumie inboksi tuziambatanishe.