Antivairasi isiyogombana na brauza: ipi ununue Mwanza, ipi uiache dukani

Iwe ni kompyuta ya steshenari Nyegezi au ya mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, malalamiko ni yaleyale. Antivairasi imenunuliwa, na tangu siku hiyo brauza haitulii: tovuti ya TRA haifunguki, Chrome inadai muunganisho si salama, maandishi mekundu yanaruka kila baada ya dakika chache. Mtu akishazoea kubonyeza "ruhusu" ili kazi iende, siku virusi vya kweli vikija ataviruhusu pia. Kwa hiyo hapa tumepanga antivairasi kwa kipimo kimoja mbele ya vingine vyote: inaiacha brauza ifanye kazi yake kiasi gani.

Kabla ya kutoa hela, jua kengele ni ya nani

Kengele nyingi hazitoki kwenye antivairasi kabisa. Ule ujumbe wa kona ya chini kulia unaosema kompyuta ina virusi vitano, lipia McAfee leo, mara nyingi ni arifa ya tovuti uliyoibonyezea "Allow" ulipokuwa ukitafuta muvi au mpira. Soma mstari mdogo ndani yake. Ukiona jina Google Chrome na anwani ya tovuti usiyoijua, umeipata. Andika chrome://settings/content/notifications pale juu penye anwani, shuka hadi kwenye orodha ya tovuti zilizoruhusiwa, futa zote usizozitambua. Hakuna cha kununua hapo.

Jambo la pili ni saa. Kompyuta za mezani za mtumba huja na betri ya ubao-mama iliyochoka, aina ya CR2032, volti 3. Ikifa, umeme ukikatika tu saa inarudi nyuma miaka kadhaa, na brauza inaona vyeti vya tovuti (vitambulisho vinavyothibitisha tovuti ni ya kweli) kama havijaanza kutumika. Chrome huandika ERR_CERT_DATE_INVALID au hukwambia wazi kwamba saa yako iko nyuma, na antivairasi nayo inaweza kugomea laisensi yake. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu, sukuma kichuma kidogo kinachoibana betri nayo itaruka. Weka mpya, upande wenye alama ya + ukikutazama, kisha washa na urekebishe tarehe. Betri hiyo ni ya bei ndogo, na imeshawaokoa wengi waliokuwa wanataka kupiga Windows upya.

Cha tatu ndicho ugomvi wenyewe. Tovuti nyingi sasa ni za https, yaani mazungumzo ya brauza na seva yamefungwa mtu wa kati asiyaone. Antivairasi nyingi za kulipia, ili zione kilichomo, hujiweka katikati: zinayafungua mazungumzo, zinayakagua, kisha zinayafunga tena kwa cheti chao wenyewe. Cheti hicho kikiharibika au brauza isipokitambua, kila tovuti inageuka ya hatari. Februari 2019 Mozilla walilazimika kusimamisha usambazaji wa brauza yao, Firefox 65, kwenye Windows kwa sababu hiyohiyo, ilipogongana na Avast na AVG.

Kuhakiki ni rahisi. Kwenye Chrome bonyeza alama iliyo kushoto mwa anwani, fungua "Connection is secure", kisha "Certificate is valid", usome chini ya "Issued By". Ukikuta ESET SSL Filter CA, au jina la Kaspersky au Avast, basi antivairasi ndiyo iliyokaa katikati. Ukikuta jina usilolijua kabisa, tena si la kampuni ya vyeti wala la antivairasi uliyoweka, usiingize nywila yoyote mpaka mashine ikaguliwe.

Ya kwanza: Microsoft Defender

Imo ndani ya Windows 10 na 11, ni ya bure, na haigusi vyeti vya brauza. Kwa mwanafunzi wa SAUT, kwa ofisi ya watu watatu, kwa mtu wa nyumbani, inatosha. Nayo huwa inakosea: Septemba 30, 2011 antivairasi ya Microsoft iliiita Chrome kirusi cha Zbot, na Septemba 2022 Defender ilipiga kelele ya kirusi kiitwacho Hive.ZY kila watu walipofungua Chrome. Pia kwa miaka kadhaa iliifanya prosesa ichemke Firefox ikiwa wazi, hadi marekebisho ya 2023. Makosa ya namna hii huondoka kwa sasisho, kwa hiyo ukiona kengele ya ajabu juu ya brauza yenyewe, anza kwa kufungua Windows Security, Virus & threat protection, halafu Check for updates chini ya Protection updates. Fanya hivyo pia kama unatumia bando la simu na umeweka muunganisho kuwa "metered" (wa kubana matumizi ya data), maana masasisho yanaweza kuchelewa.

Kama bado uko Windows 10, msaada wake wa kawaida ulikwisha Oktoba 14, 2025. Hela uliyotenga kwa antivairasi, ielekeze kwanza kwenye kuhamia 11 ikiwa mashine inakubali. Dirisha bovu halizibwi kwa kufuli la mlangoni.

Ya pili: ESET NOD32

Hii tunaipendekeza kwa steshenari, ambako flashi za watu wengi zinaingia mashine moja kutwa nzima. Ni nyepesi kwenye kompyuta ya RAM ya GB 4, na inakagua flashi inapochomekwa. Inakaa katikati ya https, lakini ndani ya Advanced setup, sehemu ya SSL/TLS, unaweza kuitoa programu moja tu kwenye ukaguzi bila kuzima ulinzi wote. Chukua toleo la chini kabisa. Matoleo makubwa yanaongeza mambo ya benki na nywila, na kila nyongeza ni mahali pengine pa kugombana na brauza.

Ya tatu: Bitdefender na Kaspersky

Zina uwezo mkubwa wa kunasa virusi, ila zinaingilia zaidi. Wakati wa kusakinisha kataa ekstensheni, yaani kile kiongezo kinachoingia ndani ya brauza. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa Kaspersky nchini mwake mwaka 2024. Marufuku hiyo haikuhusu Tanzania, lakini kama mradi wako unafadhiliwa na Wamarekani, uliza kwanza watu wa TEHAMA wa mradi.

Ya nne: Avast na AVG za bure

Ni nyumba moja tangu Avast ilipoinunua AVG mwaka 2016. Zinanasa vizuri, lakini matangazo ya "boresha sasa" yanafanana mno na kengele za kweli, na hilo kwetu ni kosa zito. Mwaka 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitaka Avast ilipe dola milioni 16.5 kwa kuuza taarifa za watumiaji walivyoperuzi.

Ya kuacha kabisa

"Laisensi ya maisha" inayouzwa kwenye flashi pamoja na kraka, yaani programu ya kuvunja ulinzi wa laisensi. Kitu cha kwanza unachoambiwa ni kuzima ulinzi ili kraka iingie. Usikubali.

Dukani

Hakikisha sehemu ya kukwangua namba haijaguswa, na soma idadi ya vifaa na miezi. Kaspersky hasa ina misimbo ya kanda, na wa kanda nyingine unaweza kukataliwa. Washa laisensi palepale kaunta, hasa kama unarudi Nansio au Sengerema. Kurudisha boksi baada ya kuvuka ziwa ni nauli nyingine. Afadhali zaidi, tumia kwanza toleo la majaribio la siku 30 ufungue tovuti zako zote za kazi.

Ikipiga kengele juu ya faili

Usiruhusu, usifute. Liache karantini, pale antivairasi inapolifungia, andika jina la kirusi, kisha lipime kwenye tovuti ya VirusTotal, inayokagua kwa injini za antivairasi takriban 70. Moja au mbili zikilalamika kwa jina la jumla kama "Gen" au "Heur", na faili umelipakua kwa mwenye programu mwenyewe, huenda ni kengele ya uongo. Ishirini zikilalamika, lifute. Nyaraka za wateja usizipandishe kule, kwa sababu wengine wanaweza kuzipata. Ukilazimika kuweka ruhusa, iwe ya faili hilo moja, kamwe si folda nzima ya Downloads.

Na ukibadilisha antivairasi, iondoe ya zamani kwanza. Mbili zikikagua faili moja kwa wakati mmoja, mashine inaganda na kila moja inaitilia shaka mwenzake. Uondoaji wa kawaida ukiacha mabaki, intaneti inaweza kukatika kabisa, hivyo pakua mapema zana ya kuondolea ya kampuni husika: kavremover kwa Kaspersky, ESET Uninstaller kwa ESET, hizo mbili za Avast na AVG zina zake. Ya ESET iendeshe ukiwa Safe Mode (Windows ikiwa imewaka na vitu vya lazima tu), washa mashine upya, kisha ndipo usakinishe mpya.