Blondi nyeupe kwenye nywele nyeusi: uzoefu wangu na blichi ya saluni

Huduma ninayoitathmini hapa ni kuzitoa nywele nyeusi hadi blondi nyeupe kabisa kwa unga wa blichi na tona (kipakwa cha mwisho kinachoua umanjano), ile rangi ambayo wauza nywele bandia huiita 613, au hata nyeupe kuizidi. Kwenye nywele fupi za asili ambazo hazijawahi kutiwa dawa ya kunyoosha, naipa nyota 4 kati ya 5. Kwenye nywele ndefu za asili, nyota 3, tena kwa sharti kwamba fundi anakubali kuifanya kwa awamu. Kwenye nywele za dawa, nyota 1. Pengo hilo halitokani na bei ya saluni. Linatokana na yaliyokwisha kuupata unywele kabla kopo la unga halijafunguliwa, na ndiyo maana nitakaa zaidi kwenye maandalizi kuliko kwenye siku yenyewe.

Mafundi hupima weusi na weupe kwa ngazi 1 hadi 10. Nywele zetu wengi ziko 1 au 2, na blondi nyeupe ni 10. Unga unaofahamika kama Wella Blondor unaelezwa na watengenezaji wake kuwa unainua rangi kwa hadi ngazi 7. Piga hesabu mwenyewe: ukianzia 1 utaishia 8, ambayo ni njano iliyoshiba. Melanini nyeusi huvunjika mapema, ile nyekundu na njano hung'ang'ania. Kwa hiyo nywele hupita kwenye wekundu wa kahawia, kisha nyekundu, chungwa, njano, halafu njano hafifu. Kukutana na rangi ya chungwa katikati ya kazi hakumaanishi fundi ameharibu. Kukata tamaa hapo na kupaka unga mwingine papo hapo juu ya nywele zilizochoka ndiko kunakoharibu.

Basi swali la kwanza la kuuliza saluni ni hili: mtafika ngazi ipi leo, na siku nyingine ni lini? Jibu zuri hutaja awamu mbili au zaidi, zikiachana kwa wiki mbili hadi nne. Anayekuahidi kukutoa nyeusi hadi nyeupe kwa saa tatu, mwulize atatumia developa (peroksaidi ya kuchanganyia unga) ya nguvu gani. Chupa huandikwa 3%, 6%, 9% au 12%, sawa na volyumu 10, 20, 30 na 40. Juu ya ngozi ya kichwa mimi siruhusu kuzidi 6%. Ile ya 9% au 12% huenda haraka kweli, lakini huchoma ngozi na kuufungua unywele kwa fujo kabla rangi haijatoka sawasawa.

Sasa historia ya nywele. Mweleze fundi kila kitu kilichowekwa ndani ya urefu ulionao sasa, hata kama ni cha miaka iliyopita, kwa sababu nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Sentimita 24 za nywele zina kumbukumbu ya takriban miaka miwili.

Dawa ya kunyoosha ndiyo kizuizi kikubwa. Inanyoosha kwa kuvunja viungo vya salfa vinavyoushika unywele, na blichi inashambulia viungo hivyohivyo. Ukiziweka zote mbili kwenye unywele mmoja, kinachobaki hakina cha kujishikia. Ukiulowesha unavutika kama bigijii, kisha unakatika. Kalikiti nayo iko kundi hilo. Ushauri wangu ni ule usiopendwa: acha asili iote, kata sehemu ya dawa, ndipo ufikirie blondi. Hakuna tritimenti inayofuta dawa, na Olaplex pia haifuti. Bidhaa hiyo husaidia viungo wakati wa blichi na baada yake, nami naithamini kwa kazi hiyo, lakini haigeuzi nywele za dawa kuwa za asili.

Hina ni habari nyingine. Hina safi ya majani hubaki na wekundu usiotoka kirahisi. Hina nyeusi iliyochanganywa na majani ya nili inaweza kugeuka kijani chini ya blichi. Mbaya zaidi ni mchanganyiko wenye chumvi za madini ambazo hazikuandikwa kwenye pakiti, kwani madini yakikutana na peroksaidi hutoa joto. Kipimo chake ni rahisi na saluni yoyote inaweza kukifanya: kata kishungi kidogo, kifunge uzi, kitumbukize kwenye bakuli la kioo lenye mililita 40 za peroksaidi ya 6% na matone 20 ya amonia, subiri dakika 30. Kikitoa mapovu, kikipata joto au kikibadilika rangi ghafla, kazi isimame. Rangi nyeusi ya dukani nayo hutoka kwa mabaka: mizizi inafika njano huku ncha bado nyekundu.

Wanaojipaka piko wana jambo la ziada. Piko nyingi hutengenezwa kwa rangi nyeusi ya nywele yenye PPD, kemikali ya rangi inayoweza kuleta mzio. Kama iliwahi kukutoa malengelenge, mwambie fundi kabla hajagusa tona, kwa sababu tona za kuchanganywa na developa zinaweza kuwa na rangi za jamii hiyo. Jaribio la ngozi, nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, lifanywe saa 48 kabla. Mwenye pumu naye aseme. Vumbi la unga wa blichi lina pasalfeti zinazobana kifua, kwa hiyo chumba kiwe na madirisha wazi na unga uchanganywe taratibu.

Jaribio la kishungi silisamehe. Fundi achukue nywele chache kutoka nyuma ya kichwa na chache kutoka utosini, azipake mchanganyiko uleule atakaoutumia, azisubiri, azioshe, azikaushe, kisha azivute. Unywele mzima uliolowa huvutika kidogo na kurudi. Ukivutika bila kurudi, au ukikatika bila kuvutika, jibu umeshapata, tena kwa hasara ya nywele kumi tu.

Ngozi ya kichwa iandaliwe. Usiende moja kwa moja kutoka kufumua msuko uliobana, kwani pembeni mwa uso mara nyingi kuna vidonda vidogo visivyoonekana. Pumzisha kichwa wiki moja au mbili. Siku moja au mbili kabla ya kazi usioshe wala usikune, yale mafuta ya asili ya ngozi ndiyo kinga yako. Nywele zenyewe zisiwe na gundi, jeli wala mafuta mazito.

Siku yenyewe, angalia mambo machache. Bakuli liwe la plastiki au kioo, si la chuma. Uwiano uwe sehemu moja ya unga kwa moja na nusu hadi mbili za developa: gramu 30 kwa mililita 60 hutosha nywele za kunyoa fupi. Afro nene ya kufika mabegani hula gramu 100 na kuendelea, nazo zichanganywe kidogokidogo, kwa sababu mchanganyiko ukikauka umeacha kufanya kazi. Matabaka yawe membamba, chini ya nusu sentimita. Nywele za kipilipili zilivyojikunja huficha ndani yake sehemu ambazo brashi haikufika, na matokeo yake ni madoa meusi kama ya chui. Fundi aanze na urefu, aache kama sentimita mbili karibu na ngozi, arudi kwenye mizizi mwisho. Joto la kichwa huharakisha mizizi, na aliyeanzia hapo atakupa mizizi nyeupe na ncha za chungwa.

Kagua kila dakika 5 hadi 10. Dakika 50 ndizo mwisho, hata kama rangi haijafika. Usikae chini ya draya wala stima ukiwa na blichi kichwani. Kuwashwa kidogo ni kawaida, ila kuchoma kunakozidi kila dakika ni ishara ya kuosha mara moja. Saluni zetu zina desturi ya kumwambia mteja avumilie kidogo, ilianzia kwenye dawa ya kunyoosha, na naiomba iishe. Mtu hapaswi kununua rangi kwa vidonda.

Kikomo cha blichi ni rangi ya ndani ya ganda la ndizi mbivu. Hapo ndipo pa kuosha, kwa maji ya vuguvugu na bila kusugua. Usidai weupe wa karatasi kutoka kwenye blichi, maana keratini yenyewe ina umanjano, na unywele uliosukumwa mpaka huo nao uishe unakuwa umekwisha. Weupe wa mwisho ni kazi ya tona. Zambarau huua njano, buluu huua chungwa. Wella T18, kwa mfano, huchanganywa sehemu moja kwa mbili za developa ya volyumu 20, na haizidi dakika 30. Juu ya njano hafifu hutoa weupe mzuri. Juu ya chungwa haifanyi la maana, na wengi huilaumu tona wakati nywele bado ziko ngazi ya 6 au 7. Ncha zilizochoka hunywa tona haraka na kugeuka kijivu au zambarau, hivyo zipakwe mwisho.

Kama umefika ngazi ya 8 au 9 na kishungi kimeanza kuvutika, baki hapo. Blondi ya asali kwenye nywele nzima inapendeza kuliko nyeupe inayobaki kwenye chanuo.

Baada ya hapo gharama huanza upya. Nywele zilizopigwa blichi hupoteza tabaka la mafuta la nje, hunywa maji haraka na kusokotana. Mafuta ya nazi kabla ya kuosha, vijiko viwili au vitatu, hupunguza protini inayotoka. Zikivutika mno zinahitaji protini, zikiwa ngumu na kukatika kavu zinahitaji unyevu. Watu hujaza protini kila wiki na kuzifanya zivunjike zaidi. Shampuu ya zambarau mara moja kwa wiki, dakika 3 hadi 5, inatosha. Pasi isizidi nyuzi 180, na ni bora isiguse kabisa.

Mafuta yenye rangi ya kijani au njano, ambayo kwenye nywele nyeusi hayakuonekana, hapa yatapaka doa. Mawese na manjano ya kusugulia uso vilevile, hasa kwenye laini ya mbele. Maji ya kisima yenye chuma huzigeuza shaba, kwa hiyo suuza ya mwisho ifanywe kwa maji ya mvua au yaliyochujwa ukiyapata. Bwawa la kuogelea lenye shaba ndani ya maji huleta kijani, basi lowesha nywele kwa maji safi na kondishena kabla ya kuingia. Misuko ya kubana isubiri wiki kadhaa, na rasta nzito usiziweke kabisa.

Mizizi itaonekana baada ya wiki mbili au tatu. Ukarabati hufanywa kila wiki 4 hadi 6, na unga uguse weusi mpya tu. Ukipanda juu ya sehemu iliyokwisha kuwa nyeupe, nywele hukatika kwenye mstari huohuo kichwa kizima. Hapo ndipo nywele fupi zinaposhinda: mwenye kunyoa hukata iliyochoka kila mwezi na kuanza na mpya, na ndiyo sababu ya nyota zangu 4.

Asiyetaka ratiba hiyo, wigi ya 613 inampa rangi ileile jioni moja. Ajue tu kwamba 613 ya nywele halisi nayo imepitia blichi kiwandani, inahitaji tona na shampuu hiyohiyo, na hukatika ikichanwa kavu. Na anayetaka kurudi kahawia baada ya blondi asipake kahawia moja kwa moja juu ya nyeupe, kwani hutoka na ukijani na kufifia baada ya kuosha mara chache. Fundi atangulize rangi ya shaba au dhahabu kujaza wekundu uliotolewa, kisha kahawia ikae juu yake.