Steshenari ya Mtwara mjini inayochambua data: mkwepeni kaka wa asubuhi

Wanachuo wa sosholojia mlioko Mtwara, nimechambuliwa data steshenari moja hapa mjini, jina naliacha wenyewe wanajijua. Risechi yangu ni wamama wa vikoba na wasio wa vikoba kule Mikindani, wakipata ugomvi nyumbani wanaanzia wapi: 1 mjomba, 2 mwenyekiti wa mtaa, 3 polisi. Kugawa dodoso na lile jua, we acha tu.

Asubuhi nilimkuta kaka mmoja, SPSS, ile programu ya takwimu, anaibonyeza kama anacheza gemu, nusu saa kamaliza, elfu 30 yangu ikaenda. Supavaiza kuangalia akaniuliza, "hapa umeandika wastani ni 1.7, sasa 1.7 ndo mjomba au mwenyekiti?" Nilitamani sakafu inimeze. Kumbe jamaa kapiga t-test, na ile ni ya kulinganisha wastani wa vitu vya kupimika kama kipato au umri, zile namba zangu ni majina tu yamevalishwa namba.

Nikarudi jioni nimevimba, nikamkuta dada mwingine, hata kompyuta hakugusa, akachana risiti akaniandikia mfano wa kutunga. Wenye vikoba 60, wanaoenda kwa mjomba 27, wasio na vikoba 60, wanaoenda 39. Kama vikoba na mjomba havihusiani, kila kundi tungetegemea 33, hiyo ndo nadharia tete sifuri ambayo mwalimu alinisomesha semista nzima sikuielewa. Kai-skweya, namba ya kupima ulichopata kiko mbali kiasi gani na ulichotegemea, ikatoka 4.85, mpaka wa kiwango cha 0.05 (yaani bahati tupu ingeuvuka mara 5 hivi tu kwa 100) kwa jedwali la mbili kwa mbili kama lile ni 3.84, imevuka, kwa hiyo sifuri unaikataa. Kipimo cha Karl Pearson hicho, cha tangu 1900, na kinafanya kazi kuliko mashine yao ya kopi.

Halafu akaniuliza, "na kama wengi wa vikoba ni wahamiaji, wajomba zao wako Newala huko?" Nikanyamaza, maana sura ya tano nilishaandika vikoba vimeua nguvu ya mjomba. Akanirudia kazi yote bure, na swali la umetokea wapi kumbe lilikuwemo kwenye dodoso langu, nilikuwa sijaligusa.

Nendeni baada ya saa kumi, kaka anakuwa ameshatoka. Bainding ila kafanyieni kwingine, yangu imeanza kuachia karatasi na difensi bado wiki mbili.