Adapta ya faksi kwa simu ya intaneti: uliza T.38 kabla hujatoa hela

Mwezi wa sita, baridi la Uyole limekaza, mimi na blanketi mabegani nautuma mkataba wa kahawa ya Mbozi kwa mnunuzi wetu Japani. Wenzetu kule bado faksi wanaithamini. Mashine ikalia, ikavuta karatasi hadi robo, ikaganda. Jaribio la nne wakanipigia: wamepata kichwa cha barua na nusu ya muhuri, sahihi hakuna. Adapta yenyewe, kile kiboksi kinachounganisha mashine ya faksi na simu ya intaneti, nilinunua Mwanjelwa, elfu themanini, muuzaji akiapa: "Dada, faksi inapita hiyo, wala usihofu."

Ilikuwa inapitisha maongezi tu, na hapo ndipo wengi tunapoliwa. Tunauliza bei na matundu, hatuulizi mlio wa faksi unafanywaje humo ndani. Simu ya intaneti huikata sauti vipande vya kama milisekunde 20. Kimoja kikipotea, wewe hushtuki, maneno unayaelewa. Faksi haielewi hivyo: mstari wa picha umekwenda, au mashine mbili zimepotezana kabisa. Adapta ikitumia G.729, mojawapo ya njia za kugeuza sauti kuwa data, ndiyo balaa, kwani inaikamua sauti hadi kilobiti 8 kwa sekunde. Mjomba atasikika vizuri, faksi itakufa. G.711 ina 64 na haikamui, afadhali. Dawa hasa ni T.38: adapta inausoma mlio wa faksi na kuutuma kama data. Ila kampuni yako ya simu nayo iwe inaikubali, la sivyo umenunua pambo.

Namba moja kwangu, na mapenzi sifichi, ni Grandstream HT801. Tundu moja la simu, T.38 imo, mipangilio unaifungua kwenye brauza. Namba mbili ni ndugu yake HT802 mwenye matundu mawili, ukitaka simu ya mezani ikae mbali na faksi. Namba tatu Cisco SPA112. T.38 inayo, lakini haitengenezwi tena, kwa hiyo utapata mtumba, na mitumba mingine imefungwa kwa kampuni ya simu ya nje. Vile visivyo na jina, pita.

Hata ukiwa na HT801, ingia kwenye mashine yenyewe ushushe kasi iwe biti 9600 kwa sekunde. Zile za 33,600 kwenye intaneti ni kujitafutia presha. Laini ikiwa inapoteza vipande, zima pia ECM, ile kazi ya mashine ya kusahihisha makosa. Ikiwa imewashwa, kila kilichokosekana kinaombwa upya, ombi juu ya ombi, mpaka simu inakatika. Ukiizima utaona mstari mweupe hapa na pale, lakini karatasi inafika. Na umeme wetu huu, weka UPS: adapta ikizimika katikati ya ukurasa, unaanza upya.

Nilipoirudisha ile ya Mwanjelwa nilioneshwa risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Nikauliza kwa nini elfu themanini, nikajibiwa "usafiri, dada, Mbeya mbali." Usafiri gani wa kitu kinachoenea kiganjani? HT801 yangu imetoka Kariakoo kwa basi, ndani ya boksi la viatu. Wiki iliyopita nilipita pale dukani. Zile nyingine bado zipo kwenye kioo, na sasa zimebandikwa karatasi ya kalamu nyekundu: INAFAA KWA FAKSI.