Uzoefu wangu: fundi wa misahafu wa Ngamiani na daftari la mapishi la bibi

Niseme mapema kwamba nimeridhika, na kazi ile ningeilipia tena. Naandika kwa sababu najua nyumba nyingi hapa Tanga zina daftari la namna hii, na wengi watalipeleka kwanza nilikolipeleka mimi.

Daftari lenyewe ni kaunta buku la jalada gumu. Ukilifungua kutoka kulia, ameandika mama yake bibi, Kiswahili kitupu kwa herufi za Kiarabu, kama walivyoandika wazee wengi wa mwambao. Ukiligeuza, upande wa pili ni wa bibi mwenyewe, kwa herufi za shule na peni ya buluu. Mna mkate wa kumimina, visheti, vileja, kaimati, achari ya ndimu, samaki wa kupaka, na halua ya harusi ya kutosha mtaa mzima. Miaka yote limekaa kabati la jikoni, jirani na samli. Kurasa za maandazi zimenywa mafuta hadi maandishi ya nyuma yanaonekana mbele. Pini za katikati zimeota kutu na kuitoboa karatasi, na palipochanika mtu alibandika selotepu, ambayo sasa imekuwa rangi ya chai.

Nilianzia steshenari moja mjini. Kwa haraka hawana mpinzani, na bei yao ni nafuu. Walilaza daftari kwenye kioo cha skana, wakalikandamiza, wakanipa PDF nyeusi na nyeupe "ili faili liwe jepesi". Nyumbani ndipo nilipoona hasara. Bibi alikuwa akirekebisha vipimo vyake kwa penseli. Kwenye vileja ameandika kwa peni "samli nusu ratili", halafu akapitisha mstari wa penseli na kuandika juu yake "robo na wakia mbili". Skana ikiwekwa nyeusi na nyeupe hulazimika kuamua kila nukta iwe hiki au kile, hakuna katikati, na penseli iliyofifia ikahesabiwa nyeupe. Katika nakala ile imebaki nusu ratili. Atakayeifuata atatoa vileja vya kumeguka mkononi, na atadhani bibi hakujua kupika. Zaidi ya hayo, upande wa herufi za Kiarabu waliuskani kuanzia kushoto, kwa hiyo halua inaanza kwa kupakuliwa na kumalizikia kwa kuroweka wanga. Kisha wakanishauri tutie kila ukurasa leminesheni. Hapo nilichukua daftari langu nikaondoka.

Mama mdogo ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja Ngamiani anayejalidi misahafu na juzuu za watoto wa chuo cha Kurani. Nilipomweleza habari ya leminesheni alitikisa kichwa. "Mwanangu, hiki ukikitia plastiki hukitoi tena. Ule moto unagandisha karatasi na gundi, na unyevu ulioko ndani unabaki humo humo." Akalishika daftari, akalinusa, akalifungua nusu tu bila kulilazimisha mgongo. Kwa kweli pale pale nilijua nimefika.

Kazi yake ninaweza kuieleza kwa sababu aliniruhusu nikae nitazame. Pini zote alizitoa moja moja kwa kisu butu. Vumbi alilifagia kwa brashi laini. Palipochanika alibandika vipande vya karatasi nyembamba ya Kijapani, ile inayotengenezwa kwa magome ya jamii ya mforsadi, nyembamba kiasi kwamba herufi zinasomeka kwa chini yake. Gundi aliipika mwenyewe kwa wanga wa ngano. Anasema unga mzima haufai, kwa kuwa ile sehemu yake inayonata huwavuta wadudu na kugeuka manjano. Nilimuuliza kuhusu kutia mrututu, ile chumvi ya buluu ya shaba, kwenye gundi, maana nilisikia majalidi wa zamani waliutia kufukuza mende. Akasema hautii, shaba iliyomo huiharakisha karatasi kuoza. Gundi ya wanga faida yake nyingine ni kwamba fundi wa kesho akitaka kuibandua, ataloanisha kidogo na itaachia. Selotepu moja, ile ya ukurasa wa kaimati, aliiacha ilivyo. Kuitoa kungeondoka na wino. Nilipenda uamuzi ule kuliko kama angejaribu.

Kisha akashona kwa uzi wa pamba, na jalada la zamani akalirudisha juu ya mgongo mpya. Hilo nilimwomba mimi, yeye alitaka kuweka jipya lenye nakshi. Kama na wewe unataka jalada lako libaki, sema mapema.

Picha anapiga mjukuu wake. Daftari hulazwa juu ya mito miwili midogo, nusu wazi, kamera ikiwa juu kwenye stendi na taa pande zote mbili. Anapiga kwa rangi, nukta 300 kwa inchi, ambazo kwa maandishi ya mkono zinatosha kabisa. Kuna ukurasa wa achari ambao penseli yake ilikuwa imefutika, mimi nilishakata tamaa. Kijana akazima taa moja, nyingine akaishusha ikamulika kwa ubavu, na michirizi ya penseli ikajitokeza kama matuta ya shamba: "chumvi vibaba viwili, jua siku saba". Mama mdogo aliyekuwa amekaa pembeni aliisoma kwa sauti, na sauti ikamkatika.

Kasoro zipo. Mzee hapokei simu, na siku aliyosema daftari litakuwa tayari halikuwa tayari. Faili nilipewa zikiwa na namba tu za kamera, nikakaa kuzipa majina moja moja. Halafu nilipotuma picha kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, zilibanwa zikapoteza usafi. Ukituma, tuma kama dokumenti, na nakala nyingine ziweke kwenye flashi na kwenye Google Drive.

Kuna sehemu ambayo hakuna fundi atakayekufanyia, nayo ni vipimo. Pishi tunajua ni vibaba vinne, ratili ni karibu gramu 450, wakia gramu 28. Lakini mkate wa kumimina wa bibi unasema "mchele vikombe vitatu vya kile cha ua". Kile cha ua ni kikombe cha bati kilichoko bado kwa mama mdogo, kimepauka pembeni. Tulikipima kwa maji, kinaingia mililita 300 na ushee, wakati vikombe vya kupimia vya dukani ni 250. Kwa kuwa mayai na hamira havipimwi kwa kikombe, mkate ule ukipimwa kwa kikombe cha dukani unakuwa mwepesi na kunuka mayai. Nimeyaandika yote haya kwenye daftari jingine, nikiwa na mama mdogo, wakati bado anakumbuka kikombe kipi ni kipi. Hata zile kurasa za herufi za Kiarabu, kwetu anazisoma yeye peke yake.

Sasa daftari liko ndani ya boksi la karatasi ngumu, kabati la chumbani, mbali na ukuta wa nje na mbali na sakafu. Sikulifunga kwa nailoni, maana hewa ya huku ikinaswa ndani huleta ukungu. Jikoni tunatumia nakala iliyochapishwa kwa rangi, ipate mafuta itakavyo.

Bei tulipatana kwa kazi nzima, ikawa zaidi mara kadhaa ya ile ya steshenari. Ukienda kwake, nenda kabla ya masika, kwa sababu gundi ya wanga inakawia sana kukauka kwenye unyevu na yeye hapendi kuikausha kwa pasi. Na ukitaka kurasa za herufi za Kiarabu zipangwe sawa, nenda na anayejua kuzisoma.