Upanga umevunjika katikati: nilivyouziwa picha ya kabuki Jimbocho

Nina hasira mpaka sasa.

Majuzi nilikwenda Jimbocho, ule mtaa wa Tokyo wa vitabu vikuukuu na picha za kale, kumtafuta Kunichika, mchoraji wa waigizaji wa kabuki, tamthilia ya jadi ya Japani. Kila mtu humsifu Sharaku, aliyechora waigizaji kwa miezi kama kumi tu, 1794 hadi 1795, akapotea. Mimi wangu ni Kunichika, aliyewachora hadi alipofariki mwaka 1900. Nikampata: karatasi tatu zinazoungana kuwa picha moja, katikati mwigizaji Ichikawa Danjūrō wa tisa ameganda kwenye mie, ule mkao wa kusimama tuli kwenye kilele cha tukio, macho yameingia makengeza, begani nembo ya ukoo wake, miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine.

Nikaomba kwa adabu zitolewe kwenye nailoni nione mgongo. Chapa ya ubao, yaani picha iliyochapwa kwa ubao uliochongwa, utaijua kwa mgongo: rangi hupenya karatasi, na misuguo ya baren, kile kisuguo cha mkono cha kukandamizia karatasi kwenye ubao, hubaki inaonekana. Mwenye duka alinipokonya. Akasema kama sinunui nisiguse. Pale pale, mteja mwingine alikuwa anafunuliwa picha moja baada ya nyingine, kwa tabasamu! Ningeondoka. Yale macho yalinizuia, nikalipa akiba ya miezi.

Nyumbani nikazipanga sakafuni. Upanga unatoka karatasi ya kulia, lakini ukifika ya katikati unaruka chini, kama mfupa uliovunjika ukaungwa vibaya. Karatasi ya katikati imekatwa kando, na ukingo uliokuwa na tarehe na jina la mchapishaji umekwenda nao. Nikageuza: imebandikwa kwa gundi juu ya karatasi ngumu. Kumbe ndiyo sababu ya kunificha mgongo. Niliporudi, alinionyesha kidole tangazo la ukutani, hakuna kurudisha, akaendelea kunywa chai yake.

Msikanyage duka la mtu asiyekuonyesha mgongo wa picha. Ni wizi. Nilitaka kuandika kwamba na picha yenyewe haina thamani.

Jana jioni niliiinamisha kwenye mwanga wa dirisha. Joho la Danjūrō, ambalo nililiona jeusi tupu, likatoa maua: meusi juu ya weusi, yamesuguliwa hadi yanang'aa, na ukiinyoosha yanazama tena. Fundi alisugua ua moja moja, ilhali wengi wasingeyaona kamwe. Nilikaa pale mpaka giza likaingia.

Basi simrudishii mtu. Jumamosi narudi Jimbocho, maduka mengine, nikatafute karatasi ya katikati peke yake, nzima, upanga wake upate kuungana.